Aliyekaa Kwenye Keria

Kila baiskeli iliyotoka ngitilini ilirudi imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kengele, isipokuwa keria. Keria ilirudi safi, kama vile mtu ameikalia njia nzima. Euphrasia aliligundua hilo mwezi wa saba na hakumwambia mtu, maana watu wa huku kwetu Tinde ukiwaambia jambo leo, kesho unalikuta sokoni limeota pembe.

Ngitili yenyewe ni pori la malisho ambalo kijiji kimelifunga miaka mingi, ng'ombe haingii bila ruhusa. Katikati yake inapita barabara ya zamani, kilomita kumi na moja, iliyoachwa siku lami ilipopelekwa kwingine. Kijiji kikaweka gogo la kuzuia: gari marufuku, pikipiki marufuku, baiskeli ruksa. Basi wakaanza kuja watu wa mjini, wengine Kahama, wengine huko migodini Geita, na helmeti zao na kaptula za kubana, wanasema wanatafuta kimya. Kimya, jamani. Sisi tulikuwa nacho siku zote tukidhani ni umaskini. Euphrasia akapewa kibanda pale kwenye gogo na baiskeli nane za kukodisha, na jirani yake Bi Raudha akawa anawauzia wageni chai na chapati.

Wageni walisifu kila kitu, ila walirudi na neno moja. "Mama, baiskeli zako ukishavuka kile kilima zinakuwa nzito." Euphrasia alijibu ni upepo, akachukua pampu. Na kweli tairi la nyuma lilikuwa limelegea.

Kilima kiko kilomita ya sita ukitoka kwenye gogo. Kwetu mtu aliyekupakiza akifika mlimani anasema, "Shuka, mlima," nawe unashuka unatembea nyuma, yeye anasukuma. Mkifika juu unapanda tena. Mwenye baiskeli hageuki, anashika breki, anasikia uzito umekaa, anauliza, "Umekaa?" Ukiitika anaondoka. Ndivyo tulivyopakizana tangu baiskeli zilipoingia nchi hii, na hakuna aliyewahi kuona kosa hapo.

Jumamosi moja Euphrasia alimpakiza mwanawe Nelly, wa miaka sita, wakaenda kumsalimia dada yake Lusia upande wa pili wa ngitili. Nelly alikuwa mtoto wa pekee, na mbishi kupita kiasi. Ukimwambia kaa, anauliza kwa nini. Ndala yake ya kushoto ilikatika palepale kwa Lusia, Euphrasia akaifunga kwa kipande cha waya wa spoki, na mtoto akalalamikia ule waya mpaka wakaaga.

Saa nane mchana walikuwa chini ya kilima.

"Shuka, mlima."

"Miguu inauma, mama. Na huu waya unanichoma."

"Nelly, shuka."

Akashuka akinung'unika. Euphrasia akasukuma baiskeli huku akisikia ndala zikipiga nyuma yake, pwata, pwata, moja nzima na moja mbovu. Katikati ya mlima njiwa wakanyamaza. Ikaja harufu ya mvua kwenye udongo mkavu, na mvua ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano. Zile ndala nazo zikaacha kulia, akadhani mtoto amezivua. Alipofika juu akashika breki, uzito ukakaa kwenye keria taratibu, hata baiskeli haikuyumba.

"Umekaa?"

"Ee."

Akaondoka.

Alikuwa ameenda mbali kidogo alipokumbuka kwamba Nelly hajawahi kujibu ee tangu azaliwe. Mikono iliyomshika kiunoni ilikuwa ya baridi, ubaridi ulipenya gauni. Lakini alikuwa amechoka, jua kali, akajiambia mtoto kanuna. Karibu na gogo kuna kamlima kengine kadogo. Akasema, "Shuka, mlima." Nyuma hakuna aliyeshuka.

Pale kibandani mtoto akateremka mwenyewe. Akamsalimia Bi Raudha shikamoo, akamsalimia baba yake, Jilala, shikamoo. Akaenda kwa mbuzi waliofungwa chini ya mti akawaamkia mmoja mmoja, kisha akalisalimia gogo.

Jilala akacheka. "Lusia kamfanya nini huyu? Leo kaja na adabu zake."

Hakuna mwingine aliyecheka. Mtoto alirudi kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akapanda keria, akatulia na mikono mapajani. "Twende, mama?" akasema.

Euphrasia akamtazama miguuni. Ndala zote mbili zilikuwa nzima. Hapakuwa na waya, hapakuwa na chembe ya vumbi toka gotini hadi kidoleni, na ndio kwanza walikuwa wametoka kupita kilomita kumi na moja za udongo mwekundu. Akamshika Bi Raudha mkono akamvuta nyuma ya kibanda.

"Shikamoo, Bi Raudha. Yule si mwanangu," alinong'ona.

"Marahaba. Nimemwona." Bi Raudha naye alinong'ona. Wengi walimjua kwa chapati tu; wachache walijua kuwa marehemu baba yake, mtu wa Pangani aliyekuja Kahama kwa biashara ya nguo, alikuwa mganga, akiwatoa watu majini. "Usipaze sauti, asijue kwamba unajua. Ulimpakiza wapi?"

"Kilimani. Nilimuuliza umekaa, akasema ee."

"Basi umemkaribisha kwa mdomo wako. Barabara ile zamani ilikuwa na watu na malori, leo imenyamaza, na hawa wanapenda palipo kimya. Anataka kuchukuliwa tu, Mama Nelly. Anataka aende kwa watu."

Jilala alikuwa amewafuata, amesikia. Uso wake ukabadilika. "Naenda kumtafuta mtoto. Jua likizama kule kuna fisi."

"Ukienda wewe utamkuta anayefanana naye, na utambeba," Bi Raudha alimjibu. "Aliyempakiza ndiye wa kumshusha. Mama Nelly, mrudishe kilimani. Mwambie ashuke kama unavyomwambia mtu yeyote. Juu atapanda tena, atataka uondoke. Usigeuke, na lile neno la umekaa usilitamke, ndilo mlango wake. Usiondoke mpaka umsikie mwanao mwenyewe; wewe ndiye unayemjua."

Akammwagia maji ya waridi viganjani, akasoma aya kwa sauti ya chini. Euphrasia alikuwa Mkristo, lakini alisema amina.

Akapanda baiskeli. "Twende," alisema, na mikono ile ya baridi ikamshika.

Kilomita sita za kwenda hazikuisha. Alikanyaga pedeli na tairi la nyuma likisaga mchanga kama limebeba magunia mawili, na kila alipopunguza mwendo sauti ya mwanawe ilimwambia karibu kabisa na sikio, mahali ambapo Nelly kwa urefu wake asingeweza kufika, "Umechoka, mama?", naye akatazama gurudumu la mbele na kumtaja Mungu moyoni, huku jua likishuka upande wa kulia na miti ikirefusha vivuli barabarani, na katika vivuli vyote hivyo akaona cha baiskeli na chake yeye, kichwa, mabega, mikono, na nyuma ya mgongo wake keria tupu.

Chini ya kilima akasema, "Shuka, mlima."

Uzito ukatoka. Akasukuma hadi juu bila kusikia hatua hata moja nyuma yake, ile harufu ya mvua tu. Juu akaigeuza baiskeli, macho chini, ikatazama nyumbani. Akashika breki.

Uzito ukakaa.

"Nimekaa, mama," ilisema sauti ya Nelly. "Twende."

Akazidi kubana breki.

"Nimekaa vizuri. Twende nyumbani, mama. Naogopa."

Hapo nusura aondoke. Nani angeweza kusikia hilo kwa sauti ya mwanawe akabaki amesimama? Machozi yalimtoka, mguu ukawa tayari juu ya pedeli. Ndipo kutoka bondeni, upande wa kwa Lusia, akasikia mtoto analia kwa hasira, amekauka koo: "Mama wewe, unaniacha kwa nini? Huu waya umenikata!"

"Shuka," Euphrasia alisema. "Hapo pana mwenyewe."

Kisha baiskeli ikainuka kidogo, na njiwa mmoja akaanza kulia. Pwata, pwata, ndala zikapanda mlima, moja nzima na moja mbovu, mpaka mikono ya moto, michafu, ikamdaka gauni. Nelly alipanda huku akimpiga mama yake mgongoni kwa ngumi. Alisema aliita na kuita, lakini mama alikuwa anaondoka na mtoto mwingine aliyevaa gauni lake. Euphrasia alilia njia nzima mpaka kwenye gogo, na pale Jilala akampokea mtoto.

Kesho yake Euphrasia alichukua spana akafungua keria za baiskeli zote nane, akamuuzia fundi wa vyuma chakavu. Wageni hawakujali, na malalamiko ya uzito yakaisha. Miezi mitatu tairi zilirudi na upepo wake. Alianza kusahau.

Juzi mgeni mmoja alikatikiwa mnyororo ng'ambo ya kilima, akapiga simu. Jilala hakuwepo, ikabidi Euphrasia aende mwenyewe, saa tano asubuhi, jua linawaka. Nelly alibaki kibandani na Bi Raudha, anabishana naye kuhusu chapati. Chini ya kilima Euphrasia alishuka akasukuma, hana keria, hana mzigo. Katikati njiwa wakanyamaza. Alipofika juu alishika breki bila kutaka, kwa mazoea tu, akasikia kitu kinapapasa nyuma ya kiti, kinapapasa tena, kinatafuta.

"Mama," ikasema sauti ya Nelly, "sasa mimi nikae wapi?"