Jaruba la Mche Mmoja Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kagure alipitia shambani. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Wang'uru, na majaruba ya mpunga yalianzia nyuma ya zizi. Alichotazama ni kona moja tu, ile aliyopewa na baba yake, Simeon, baada ya kubembeleza hadi sauti ikamkauka.

Alikuwa amepanda kama afisa wa kilimo alivyowafundisha shuleni: miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana na maji kidogo. Baba alikuwa na jaruba jingine huko juu, ambalo lilikaa bure kwa sababu maji ya mfereji waliyopewa kwa zamu hayakutosha kulijaza.

"Kona yako ikifaulu, tutapanda huko juu hivyo hivyo," Baba alisema. "Ikikataa, sitaki kusikia hiyo maneno tena."

Wapita njia walimcheka. "Ati mche mmoja? Kwani mbegu iliwaishia?" Kagure hakuona haja ya kuwaeleza. Alinuna, akawapa mgongo.

Jumamosi moja alifika akapigwa na butwaa. Nafasi zote zilikuwa zimejazwa! Miche mikubwa ilikuwa imesongamana na yake. Nani huyu asiye na haya? Machozi ya hasira yakamlengalenga.

"Umeona vile nimekusaidia, mama?" Cucu Kabura, bibi kizee jirani yao, aliuliza kutoka jaruba la pili, tope likiwa limemfika magotini. "Jana nilibakisha miche. Nikaona yako iko na mapengo mengi, nikaona huruma."

"Umeniharibia!" Kagure alifoka. "Nani alikutuma?"

Cucu aliokota kikapu chake akaenda zake. Baba alikuwa amesikia yote.

"Hasira hasara," alisema. "Ulimweleza Cucu kwa nini uliacha hizo nafasi?"

"Wananicheka tu, Baba!"

"Nimekuuliza kama ulimweleza."

Hakuwa amemweleza mtu yeyote.

Alikwenda kuomba msamaha shingo upande. Alieleza kwamba mche mmoja ukipata nafasi hutoa machipukizi mengi. Cucu hakusadiki hata kidogo, lakini alikuja kung'oa miche yake kwa mkono wake mwenyewe. "Mimi naona tunatupa chakula," alinung'unika.

Kisha yakaja magugu, maana hupenda jaruba lisilojaa maji. Kagure alipalilia hadi viganja vikachubuka. Mara nyingi alitamani kuacha, akayatukana magugu, akaendelea. Cucu naye alikuwa akipita jioni, akichungulia kona ile.

Wakati wa mavuno, mashina ya kona ile yalikuwa manene na masuke yake mazito kuliko ya shamba lote. Baba alimwita mwenye trekta wakaenda kulima jaruba la juu. Cucu Kabura alishika suke moja, akalipima kiganjani.

"Msimu ujao utakuja kunionyesha," alisema.

Kagure alifurahi, lakini dukuduku lilikuwa bado moyoni. "Mbona hukuniamini tangu mwanzo, Cucu?"

"Mimi niko na jaruba moja tu, mama. Likikosa, wajukuu wangu hawali. Sikukukataa wewe, niliogopa njaa. Mtu kama mimi hata ukimfokea siku nzima hawezi kusikia. Fanya kazi yako vizuri mahali anaona, halafu umweleze polepole."