Hukuiona Meza Yangu

Penye watu wengi hapakosi wawili wanaotafutana bila kujua. Jumapili ile ya Agosti, katika ukumbi mkubwa wa Ariake kando ya ghuba ya Tokyo, watu walibanana kama punje kwenye gunzi, kila mmoja na taulo shingoni. Lilikuwa soko la vijitabu. Mashabiki wa filamu na katuni huwachora wenyewe wahusika wanaowapenda, wakawatungia hadithi, wakazipiga chapa na kuuziana wao kwa wao.

Kohei Tamaru alikuwa amepotea. Studio yake ilimtuma akakague kibanda cha kampuni upande wa pili wa ukumbi, naye akakata kushoto penye kulia. Shati jeupe lilimganda mgongoni, tai alikuwa ameitia mfukoni. Katikati ya safu za meza macho yakaanza kuingia kiza, akashika ukingo wa meza iliyokuwa karibu.

"Kaka, ukianguka hapo utaniangushia na jirani," sauti ya mwanamke ikasema. "Zunguka huku ukae chini. Inamisha kichwa."

Akakaa. Akawekewa taulo la baridi kisogoni, akapewa chai ya shayiri na tunda chachu la chumvi. Alipoweza kuinua uso alimwona dada wa umri kama wake, nywele zimekatwa sawa na taya, gauni jeusi, aproni nyeupe ya mpishi na kilemba cha buluu. Aproni na kilemba alivaa humo humo ukumbini, kwenye chumba cha kubadilishia, maana mashabiki wana adabu yao: vazi la mhusika halipandi treni.

Jina lake Fumika Orihara. Mezani kwake palikuwa na vijitabu vyenye mzee mnene akikoroga chungu, nyuma yake dirisha lililojaa nyota.

"Huyu si Mzee Gondo?" Kohei akauliza.

Alikuwa ndiye, mpishi wa chombo cha angani katika tamthilia ya studio yake Kohei. Mzee Gondo alisema maneno machache, kisha akafa katikati ya hadithi, ameuzuia mlango kwa mgongo ili wenzake wapone. Watazamaji wengi walimsahau. Fumika hakuweza kukubali mtu afe bila yeyote kuuliza alikuwa akipika nini. Basi kila kiangazi na kila kipupwe alitoa kijitabu kimoja: Gondo amepika nini, nani alikula, nani alikataa na kwa nini.

Kohei alicheka peke yake akisoma. Fumika akamwangalia kwa furaha, mpaka macho yake yaliposhuka kwenye kitambulisho kifuani mwa mgeni. Akavuta kitambaa, akavifunika vijitabu vyote.

"Unatoka studio."

"Ndiyo. Idara ya matangazo."

"Basi hukuiona meza yangu."

"Nisiione vipi? Nimekaa chini yake."

"Bwana Tamaru, nimesema hukuiona."

Alisema akitabasamu, na Kohei akadhani ni madaha. Hilo ndilo lilikuja kuwaponza. Mwanamume huyu alikuwa ametoka kwenye kampuni ya sabuni, kwenye studio ameingia majira ya kuchipua tu. Mambo ya nyumba ile hakuyajua.

Walianza kwa "Bwana Tamaru" na "Bi. Orihara". Kabla majani hayajageuka rangi walikuwa "Kohei" na "Fumika", kisha "wee" na "mwenzangu". Saa ya chakula cha mchana simu iliita kila siku.

"Kitendawili," Fumika anasema.

"Tega."

"Mgeni wangu haingii kwa hodi, anakaa kifuani, hafukuziki kwa ufagio."

"Kikohozi."

"Kikohozi wewe mwenyewe. Nipe mji."

"Nakupa Osaka."

"Jibu ni wewe, mjinga wangu. Na Osaka siirudishi."

Fumika alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Nakano, na pale kazini hakuna aliyejua habari za Mzee Gondo. Akiulizwa Jumapili alikuwa wapi, husema alikwenda kujifunza kupanga maua. Siku moja runinga ya chumba cha wagonjwa ilionyesha chumba cha mwizi aliyekamatwa, na kwenye rafu palikuwa na sanamu za katuni. Daktari akatikisa kichwa, akasema hao watu wa katuni wote wana kasoro. Wenzake wakacheka. Fumika naye akacheka, kisha akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Alimsimulia Kohei bila kulia, kama mtu anayesimulia bei ya vitunguu, na Kohei akakosa usingizi.

Maana studioni nako aliyasikia maneno kama hayo. Mkuu wake, Bi. Kuramochi, mama mwenye miwani ya fremu nyekundu na suti zisizokunjika, alikuwa na msemo: mashabiki wana mifuko mirefu na midomo mirefu zaidi. Tukitengeneza kizuri watanunua, tukitengeneza kibaya watanunua wakilalamika, kwa hiyo tusiwapangie, tuzipangie familia za Jumapili. Wakati huo walikuwa wakiandaa filamu mpya ya tamthilia ile, na mikutano ilikuwa mingi.

Katika mmoja wa mikutano hiyo kijana wa idara akasoma barua ya shabiki kwa sauti ya kubana pua. Mwandishi alikuwa akiomba Mzee Gondo akumbukwe, hata kwa picha ukutani. Meza nzima ikacheka. Kohei akamwona akilini mwake Fumika akiosha vikombe. Akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha Mzee Gondo alichopewa na Fumika, akakiweka katikati.

"Kabla hamjacheka tena, someni hiki. Hawa si watu wa kuchekwa. Mwenye kazi hii namjua, ana meza yake Ariake."

Kicheko kilikatika. Kohei akangoja waguswe. Lakini usoni mwa Bi. Kuramochi hakuona kuguswa wala hasira. Aliona hofu. Mwanasheria wa kampuni akakivuta kijitabu kwa kidole kimoja, akasoma jina la kikundi nyuma ya jalada, akaliandika.

Kitendawili: ninacho, jirani anajua ninacho, nami najua kwamba anajua, lakini siku akikitazama kimekufa. Wapenzi wa vijitabu hawahitaji kupewa mji, jibu wanalijua tangu utoto. Mhusika ni mali ya studio. Shabiki anamchora bila ruhusa, studio inageuza shingo, na kwa kugeuza shingo huko pande zote zinaishi. Studio yenyewe huajiri wachoraji waliojifunzia kwenye meza hizo hizo. Ila kitu kikishawekwa mbele ya mwanasheria, hawezi kusema hakukiona. Kohei alikuwa amekiweka kwa mikono yake miwili, kwa mapenzi.

Barua ilitoka wiki hiyo hiyo. Haikwenda kwa Fumika peke yake, ilikwenda kwa vikundi vyote vilivyochora wahusika wa tamthilia ile: wasitishe hadi watakapojulishwa. Sayoko, rafiki yake Fumika aliyekaa naye meza moja tangu chuo, alipiga simu akiwa na swali moja tu, nani amepeleka. Fumika hakuwa na haja ya kukisia.

Akampigia Kohei mchana, saa yao ya vitendawili.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Walikuwa wanawacheka, Fumika. Nilitaka waone."

"Nilikuambia hukuona."

"Nilidhani ni mzaha."

"Miaka yote hii nimejificha kliniki, nimejificha kwa mama yangu. Palikuwa na mahali pamoja sijifichi. Pamoja tu, Kohei. Sasa Sayoko hanisalimii, na watu nisiowajua wanasema nilimlaza mtu wa studio nikamfungulia kabati." Akavuta pumzi. "Usinipigie tena."

Hakupiga. Uongo wa maua sasa haukuwa na cha kuficha, maana Jumapili za Fumika zilibaki tupu.

Kohei alikwenda kwa Bi. Kuramochi, akafunga mlango nyuma yake.

"Ulidhani sisi vipofu?" mama yule akamwambia taratibu. "Tumeviona siku zote. Ndiyo maana tunaviacha nje ya mlango. Wewe umeviingiza ndani."

"Basi vitoke kwa mlango, mkuu. Tuandike kwamba tunaruhusu. Vya mkono, vichache, bila nembo yetu."

"Na nani atatia sahihi? Tamthilia ile si yetu peke yetu, ina wenyewe kadhaa, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza."

"Nitakwenda kwao mmoja mmoja."

"Watakuita shabiki."

Walimwita. Alikwenda kwa kampuni ya muziki, kwa kituo cha runinga, kwa watengenezaji wa sanamu. Kwingine aliachwa kwenye ukumbi wa wageni mpaka chai ikapoa. Idarani wakambandika jina la Bwana Shabiki, wakamtoa kwenye filamu, wakampa kazi ya kujibu malalamiko ya simu. Chakula cha mchana akawa anakula peke yake, na mkoba wake ulipokuwa mezani vijana walinyanyua kidole wakiuliza kama ndani mna sanamu. Sasa alielewa kwa nini mtu huosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Hakuacha kwenda. Bi. Kuramochi hakumsaidia wala hakumzuia, lakini karatasi ilipomrudia ina sahihi za wote, aliongeza yake bila kuisoma upya.

Tangazo la kuruhusu vijitabu lilitoka mwanzoni mwa kipupwe. Fumika alilisoma kwenye simu, jikoni mwa kliniki. Alilisoma tena, kisha akarudi kwenye dawati lake. Mhudumu mwenzake akamuuliza, kwa mazoea, kama Jumapili atakuwa kwenye maua.

"Hapana," Fumika akasema. "Mimi nachora vijitabu vya mpishi wa angani. Nauza Ariake. Maua sijui hata kuyakata."

Akangoja mbingu ianguke. Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Aa, kumbe," kisha akauliza kama picha ya jino la Bwana Hatakeyama imekwisha kutoka.

Sayoko ndiye aliyemletea habari iliyobaki. Alikuja na matonge ya wali ndani ya kitambaa, dalili kwamba hasira imekwisha, akasema binamu yake anafanya kazi kwenye kampuni ya muziki na amemwona mwanamume mmoja wa studio akisubiri kwa saa nzima, anazungumza juu ya mpishi mnene mpaka wanamcheka, na kesho yake anarudi.

"Mimi bado simpendi," Sayoko akasema. "Lakini si mimi ninayetakiwa kumpenda."

Soko la kipupwe likafika. Baridi ya ghuba ilikata masikio. Kohei alipanga foleni nje tangu alfajiri na watu wengine wote, koti zito la kijivu, kitambulisho amekiacha nyumbani. Meza ya jirani yake Fumika ilikuwa tupu. Mwenye meza hiyo alisema kitu kikishaombewa ruhusa utamu wake umekwisha, na hakurudi tena. Kohei aliitazama meza ile, akajua kwamba hiyo haitarudishwa na sahihi yoyote.

Aliinama mbele ya Sayoko kwanza, chini kabisa, akaomba radhi. Kisha mbele ya Fumika, aliyevaa aproni yake na kilemba cha buluu.

"Nilikosa," akasema. "Kitu kilikuwa chako, nikakibeba kama changu. Sikuja kujitetea. Nataka kijitabu kimoja, na nataka ruhusa ya kupiga simu mchana."

Fumika alimtazama jinsi pua ilivyomwiva kwa baridi.

"Wanakuitaje siku hizi huko kazini?"

"Bwana Shabiki."

"Unaumia?"

"Mwanzoni niliumia. Siku hizi naitika."

Nyuma yake foleni ilikuwa ikirefuka, na mtu mmoja akakohoa kumkumbusha. Kohei hakusogea.

"Kuna la pili," akasema. "Ningependa nikaonane na mama yako Niigata. Kama mchumba, si kama mgeni."

Sayoko akajishughulisha ghafla na kupanga vijitabu vilivyokwisha pangwa.

"Mama atauliza unafanya kazi gani," Fumika akasema.

"Napokea malalamiko ya watu."

"Hiyo kazi utaiendeleza nyumbani, basi. Tutakwenda mwaka mpya. Na mama ataambiwa yote, ya kwako na ya kwangu, katika kikao kimoja." Akasogeza kiti. "Unazuia watu. Zunguka huku."

Kohei akazunguka. Akavua koti, akakaa upande wa wauzaji, mahali ambapo kila anayepita ukumbini humwona. Fumika akamrushia aproni ya ziada, Kohei akaifunga vibaya, naye Fumika akamfungulia na kuifunga upya.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyekuja na mjukuu. Aliinua kijitabu, akakigeuza, akamtazama Kohei juu ya miwani.

"Huyu mpishi si alikufa?"

"Alikufa, mama," Kohei akasema. "Lakini kabla ya hapo alipika."