Picha Kwenye Kamba ya Winda

Magharibi ilikuwa karibu, nikatoka uani kuanua winda za mwanangu Athmani. Kwetu Kuze kila mzazi ajua: nguo ya mtoto mchanga haiachwi nje jua likitua. Dege, yule ndege wa kishetani, hupita angani, kivuli chake kikaigusa nguo, na mtoto akivalishwa hushikwa na degedege.

Nikakuta kamba imejaa.

Mume wangu Faraj alikuwa ameanika picha zake mbichi katikati ya winda. Harufu ya dawa zake, kali kama siki, ikanipanda puani. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, filamu bado adimu, naye zote akizimalizia kwa ndege. Kaskazi nzima hushinda kwenye matope ya Makupa akiwavizia ndege wageni wa kupita. Kusi likiingia, hugeukia korongo na yangeyange. Harusi za watu hazikumshughulisha tena. Wazungu walimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nikaanza kuanua, ndege baada ya ndege. Sululu. Korongo. Sululu tena. Halafu...

Ndege mkubwa, ametua juu ya ukuta. Ukuta wetu. Chini yake kamba, na winda za mwanangu.

Alikuwa akilitazama dirisha la chumba chetu.

"Hii umeipiga lini?" nikamwuliza Faraj.

Akaishika kwa ncha za vidole. "Sikuipiga," akanong'ona. Kisha akatabasamu.

Mavyaa wangu, Bi Mwanakuu, alipoiona aliketi chini palepale. "Ichome, mwanangu. Sasa hivi, kabla mtoto hajalala."

"Ntaichoma, mama," Faraj akajibu.

Nikaingia ndani kumnyonyesha Athmani. Nikasikia mbawa juu ya paa. Nzito... mara moja tu.

Athmani akalia, akanyamaza katikati ya kilio.

Alikuwa amekauka mikononi mwangu, macho yamepinduka. Bi Mwanakuu akafukiza ubani, akasoma huku machozi yakimtoka. "Faraj, umeichoma?" Naye akatuonyesha majivu kigaeni. Tukamwamini.

Tulimzika mwanangu asubuhi.

Baada ya matanga nilikuwa nikifagia chumba cha Faraj cha kusafishia picha. Nikaikuta, nzima, imetiwa fremu na kioo. Alikuwa amechoma picha ya sululu.

"Ndege huyu hakuna mwengine aliyempata," aliniambia, akinitazama usoni bila haya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema watu. Huyu naye si mzazi? Namchukia, na sioni vibaya kulisema.

Nani aliipiga picha ile, hatujui. Maalim wa mtaani aliiangalia kidogo tu, akaomba iondolewe mbele yake. Bi Mwanakuu hasemi na mwanawe hadi leo.

Sasa kaskazi imerudi, nami nina mimba kubwa. Jana jioni nilimkuta Faraj amechuchumaa uani, kamera ameielekeza juu ya ukuta.

"Wangoja nini?"

Hakugeuka. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Mwaka mzima hakuja, nyumba haikuwa na mtoto. Sasa yuwaja."