Karatasi ya Ijumaa

"Kaz, ukiwa unanificha kitu nitajua," Verna aliniambia, kasimama pale dirishani kwangu na kikombe cha kahawa mkononi. "Sikio lako la kushoto huwa linakuwa jekundu."

"Joto hilo."

"Joto sikio moja?"

Ngoja kwanza niwaambie mimi ni nani, maana naruka. Naitwa Kazimir Dudek, watu wa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, wananiita Kaz. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, ule wanaoingilia wasanii, si ule wa mbele wenye taa. Kila anayeingia anasaini karatasi yangu nusu saa kabla ya mchezo wa kuigiza. Asiposaini, basi hayupo, hata kama namuona kwa macho. Mke wangu Halina alifariki miaka tisa iliyopita. Binti yangu anaishi Staten Island, hupiga simu Jumapili akiwa anapika, nasikia sufuria kuliko ninavyomsikia yeye.

Na Verna Tillman alikuwa anavalisha. Mwigizaji akitoka jukwaani ana sekunde ishirini abadili gauni, na Verna yuko gizani na zipu, na pini mdomoni. Mama wa miaka sitini na mbili, wa Harlem, anaimba kwaya Jumapili asubuhi halafu anakuja kazini. Kila Alhamisi alikuwa ananiletea kipande cha pai ya viazi vitamu. Alikuwa anasema imebaki. Miaka minne, mchezo baada ya mchezo, inabaki kila Alhamisi, na mimi mjinga nikawa naamini.

Mchezo wetu uliitwa Laini ya Pili, mchezo wa nyimbo, habari za wadada wa kuunganisha simu zamani. Mzuri, lakini viti vya juu vilikuwa vitupu. Wenye mchezo walikuwa wanausukuma tu ufike kwenye tuzo za Tony, zile kubwa za maigizo, mwezi wa sita.

Sasa siku hiyo ya sikio, Jumamosi, Verna akaniambia: "Kaz, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Wale wenye mchezo wa ziara, wanaotaka mvalishaji, wamenipigia tena. Mwaka mzima, miji ishirini na kitu. Wanataka jibu Jumatatu saa tatu asubuhi. Niende au nikae?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kaa. Neno moja. Nilikuwa nalo kabisa, limekaa hapa kooni kama kidonge.

Nikasema, "Ngoja tuzo."

"Tuzo?"

"Tukishinda, mchezo unaendelea, unabaki. Tusiposhinda, nenda."

Akaniangalia kidogo, akanywa kahawa yake. "Kwa hiyo wewe huna neno. Unasubiri bahasha ya mshindi."

"Ndivyo Broadway ilivyo, mama."

"Sikuuliza Broadway. Nilikuuliza wewe, mzee."

Akapanda ngazi. Na niseme ukweli, sikio lilikuwa jekundu. Maana jana yake, Ijumaa, Gordon Pruitt, meneja wetu, alikuja akaweka karatasi mbele yangu, imeshaandikwa kwa mashine na kusainiwa.

"Kaz, weka hii kwenye droo."

Nikaisoma. Ilikuwa karatasi ya kufunga mchezo. Kwetu ikibandikwa ubaoni, karibu na karatasi ya kusaini, basi imekwisha.

"Na tuzo?" nikamuuliza.

"Tukipata ile kubwa, ya mchezo bora, ichane. Tukikosa, ibandike Jumanne."

"Wanasema Odessa, nyota wetu, atapata ya mwigizaji bora."

Gordon akacheka, lakini si cheko la furaha. "Odessa akipata, Odessa atapata filamu. Sisi tutapata foleni ya tiketi ya siku tatu mlangoni. Wewe umeona mingapi?"

Nimeona mingi. Mchezo ukibeba ile kubwa, watu wanakuja mpaka kutoka Ohio bila kuuliza unahusu nini. Zile nyingine ndogo, watu wanapiga makofi, wanasahau. Ingawa kuna mmoja, mwaka sikumbuki, ulitoka mikono mitupu na ukakaa miaka sita, kisa wamama wa New Jersey waliupenda, wakawa wanaleta mabasi. Kwa hiyo usiniulize sana. Lakini Laini ya Pili haikuwa na mabasi. Nilijua.

"Usimwambie mtu," Gordon akasema. "Watu wana onyesho kwenye tuzo Jumapili, mbele ya televisheni. Wakijua watacheza kama wako msibani."

Nikaiweka kwenye droo, juu yake nikaweka leso.

Jumapili ya tuzo nilikuwa nyumbani Greenpoint, mbele ya televisheni, na supu ya kopo. Verna alikuwa kulekule kwenye tuzo, nyuma ya jukwaa, anamvalisha Odessa Blaine. Simu ikalia, ujumbe:

"Odessa kachukua. Analia, kaharibu wanja wote."

Nikaandika kwa kidole kimoja: "Nimeona. Mpe hongera."

Supu ikapoa. Mwishoni kabisa wakataja mchezo bora. Si sisi. Wakapanda jukwaani watu hamsini, wanakumbatiana. Nikazima sauti.

Simu ikalia tena:

"Ile kubwa wamechukua wale. Lakini tuna ya Odessa. Inatosha, si ndiyo? Wewe umekaa mlangoni miaka yote hiyo, unajua. Niwajibu nini watu wa ziara?"

Nyumba ilikuwa kimya. Kuna kiti cha Halina, sijakitoa, nawekea magazeti. Nikakiangalia. Nikafikiria Alhamisi bila pai. Nikafikiria karatasi ya kusaini bila ile herufi yake ya V iliyolala.

Nikaandika: "Inatosha. Kataa ziara."

Akajibu haraka sana: "Haya. Nakuamini."

Sikulala vizuri. Nilijiambia labda foleni itakuwa ndefu, labda Gordon atabadili mawazo. Mzee mzima najidanganya.

Jumanne walikuja na maua, wanacheka. Na kweli mbele kulikuwa na foleni, ilifika mpaka kwenye duka la bagel, ile mikate ya duara. Gordon akapita mlangoni kwangu, akanionyesha ubao kwa kidevu. Nikatoa karatasi chini ya leso. Nikaibandika kwa pini nne.

Mmoja akasoma, akashusha maua yake. Wa pili akaita wengine. Verna akaja wa mwisho, kavaa miwani yake ya kushonea. Akasoma polepole. Akarudi juu kabisa ya karatasi, akaweka kidole.

"Hii imeandikwa Ijumaa."

"Ndiyo."

"Tangu Ijumaa ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Kwa hiyo Jumapili uliponiandikia nikatae..."

"Ilikuwa kwenye droo."

Alivua miwani. Nilitamani anitukane. Watu wa kwaya hawatukani, wanashusha sauti tu.

"Ungesema 'Verna, kaa,' ningekaa, Kaz. Hata bila kazi. Ningetafuta kazi ya kushona. Nilikuwa nakuletea pai miaka minne, ulidhani nina oveni inayokosea vipimo?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Ukaona bora utumie tuzo ya mtu mwingine kunishikilia." Akasaini, ile V yake safari hii imesimama wima. "Usiniongeleshe."

Na mimi sikumuongelesha. Wiki mbili na nusu, zile zilizobaki kabla ya kufunga. Anaingia, anasaini, anapita. Alhamisi ya kwanza haikuja pai. Ya pili nikajikuta nimeweka uma mezani, nikaurudisha. Foleni kule mbele, kama Gordon alivyosema, ilidumu siku tatu. Ya nne ukaweza kuhesabu watu kwa vidole na bado ukabaki na vidole.

Basi nikatafuta namba ya yule mkuu wa mavazi wa ziara, mama mmoja Ingrid Halloran.

"Nani mwenzangu?"

"Kazimir Dudek. Mlinzi wa mlango, kwa kina Laini ya Pili."

"Mlinzi wa mlango ananipigia mimi kuhusu nini?"

"Verna Tillman alikukatalia kwa sababu yangu. Nilimwambia mchezo utaendelea na nilijua hautaendelea. Kosa ni langu, si lake."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka abaki."

"Baba, nafasi ina mtu."

"Naomba uangalie tena."

"Nimeangalia."

Nikapiga kesho yake. Akasema, "Wewe tena." Nikapiga keshokutwa. Mara ya tatu akapumua kama anayeshusha mzigo. "Sikia. Niliyempata ana mimba, atafika Pittsburgh tu. Verna anaweza kuungana nasi hapo. Na wewe, tafadhali, futa namba yangu."

Siku ya kufunga ilikuwa Jumapili mchana. Walilia, wakapigana picha, wakaondoka. Mafundi wakaanza kubomoa ule ubao mkubwa wa kuunganishia simu wa jukwaani. Verna akashuka wa mwisho na kisanduku chake cha sindano.

Akasimama dirishani.

"Ingrid kanipigia. Anasema kuna mzee kamsumbua mara tatu."

"Ana sauti kali yule mama."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nataka ujue sijakusamehe."

"Nimesikia, Verna."

Akahamisha kisanduku mkono mwingine. "Sasa hakuna tuzo, hakuna bahasha. Una neno au huna?"

Kidonge kilekile kooni. Safari hii nikakitoa. "Nataka ubaki," nikasema. "Nenda."

"Hayo ni mawili."

"Yote ni ya kweli."

Akaniangalia muda, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mshono mbaya, akatoka. Mlango ule ni mzito, una kitasa cha chuma, unajifunga wenyewe. Nimeusikia ukijifunga mara elfu ngapi sijui. Ule mmoja bado nausikia.

Ukumbi usio na mchezo bado unataka mlinzi. Kiangazi chote nilikaa. Jukwaani kwetu huwa tunaacha balbu moja inawaka juu ya nguzo, ili mtu asije akatumbukia kwenye shimo la wapiga muziki. Nilikuwa naenda kuiangalia mchana, naketi kiti cha mstari wa kwanza nakula mkate wangu. Viti elfu moja na mimi. Karatasi ya kusaini nikawa naitoa kila siku kwa mazoea, napiga mistari, halafu hakuna jina. Binti yangu akauliza, "Baba, unaongea na nani huko?" Nikamwambia na balbu. Akadhani natania.

Kwa Verna nilikuwa natuma ujumbe Alhamisi tu. "Habari za Pittsburgh." Hajibu. "Habari za Detroit." Hajibu. "Leo mvua." Hajibu, na sawa.

Novemba, siku ya Jumatatu, simu ikalia:

"Cleveland wiki mbili. Jumatano tuna mchezo wa mchana."

Basi. Hakusema njoo. Nikamwambia Gordon nataka likizo, ya kwanza tangu mazishi ya Halina, nikapanda basi, nikakaa usiku kucha goti limekunjwa. Nikazunguka lile jengo mpaka nikapata mlango wa nyuma. Ndani ya kidirisha kuna mzee mwenzangu, mfupi, anakula tufaha.

"Jina?"

Miaka thelathini na moja hilo swali nimeliuliza mimi. Sikujua linamfanya mtu ajisikie mdogo hivyo.

"Kazimir Dudek. Namtafuta Verna Tillman, wa mavazi."

Akapitisha kidole kwenye orodha. Nikawa naisoma orodha kichwa chini miguu juu, kama tunavyojua kusoma sisi wa mlangoni.

"Upo kwenye orodha," akasema. "Upo tangu wiki iliyopita. Kila siku anakuandika. Nikamuuliza, mama, huyu mtu wako mbona haji? Akasema anatoka mbali na ni mzito kuelewa." Akanipa kalamu. "Saini hapa, mzee."

Nikasaini.

Verna akashuka ngazi na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa nguo yake, hana haraka.

"Umekonda."

"Alhamisi hazina chakula."

"Umekula leo?"

"Bado."

Akasimama mbele yangu. Yule mzee wa kidirishani akawa anatafuna tufaha bila sauti ili asikie.

"Haya, sema," Verna akaniambia. "Sema sasa, kabla mtu yeyote hajashinda kitu."

"Ziara ikiisha uje ukae kwangu. Nimetoa magazeti kwenye kiti."

"Kiti tu?"

"Na uolewe na mimi, kama hutajali."

Spika ya juu ikatangaza nusu saa. Akageuka apande, kazi ni kazi. Ngazi ya tatu akasimama.

"Mchezo unaisha saa kumi na nusu," akasema bila kugeuka. "Nisubiri hapohapo mlangoni. Hiyo unaiweza."

Yule mzee akanisogezea stuli yake kwa mguu. Nikakaa.