Kuni Mbichi za Zamu ya Jioni

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe katika kijiji cha ujamaa, upande wa Makere. Kila asubuhi Leonidasi, kiongozi wa wafyatua matofali, alishuka bondeni kukagua tanuri. Matofali yale yalikuwa ya kujengea zahanati. Binti yake, Immakulata, alikuwa mjamzito, na hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Moto wa tanuri haupaswi kuzimika kabla matofali hayajaiva. Bazilio aliutunza mchana. Evaristi aliupokea jioni. Wawili hao hawakusalimiana tena.

"Ananiachia kuni mbichi," alisema Evaristi. "Kavu anazimaliza yeye, kisha anakwenda kulala kama mwami katika jumba lake la kifalme."

"Huyo hajui kuwasha hata kiko chake," alijibu Bazilio.

Leonidasi hakuuliza zaidi. Alifuata desturi ya wazee: aliweka mtungi wa pombe ya ndizi, akawapa mirija miwili, akawaamuru wanywe pamoja. Wakanywa. Watu wakapiga makofi. Leonidasi akaamini kwamba ugomvi umekwisha, kwa sababu pombe ilikuwa imekwisha.

Kesho yake Bazilio aliondoka kabla mwenzake hajafika. Evaristi alikuta kuni mbichi zilezile. Hakulalamika, maana alikwisha kupatanishwa. Moto ukazimika. Tanuri lilipofunguliwa, matofali yalimeguka mikononi kama udongo wa kichuguu.

Kezia, jirani wa Leonidasi, aliyewahi kusimamia wapishi wa shule ya misheni, alimkuta ameketi juu ya vipande vya matofali.

"Baba Immakulata, uliwauliza wanagombania nini?"

"Niliwapatanisha, mama."

"Uliwanywesha. Mimi nimekuuliza jambo jingine."

Leonidasi akainuka, akakung'uta vumbi.

"Mwite kila mmoja peke yake," alisema Kezia. "Msikilize mpaka mwisho. Usimkatize, usimhukumu. Kisha wakalishe pamoja, mzungumzie kazi. Tabia zao waachie mama zao."

Leonidasi akafanya hivyo. Bazilio alieleza taratibu: "Ndugu Leonidasi, uliagiza kuni zikatwe na kuletwa alasiri. Mchana mimi nachoma zilizokauka tangu jana, maana ndizo zilizopo. Zinazofika alasiri ni mbichi, na ndizo anazozikuta yeye."

Evaristi naye, kwa maneno makali zaidi, alisema kila jioni hukuta kuni zilizotoka kukatwa.

Walipoketi watatu, Leonidasi alisema, "Mpango ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya." Wakakubaliana kuni zikatwe na kukaushwa kabla ya moto kuwashwa. Zigawanywe mafungu mawili. Na mtu asiondoke zamu mpaka mwenzake afike.

Matofali ya tanuri la pili yalilia kama chuma yalipogongwa. Lakini muda ulikwisha kupotea. Mvua zilianza ukuta wa zahanati ukiwa kimo cha magoti. Immakulata alijifungua njiani, akielekea hospitali. Mtoto hakuishi.

Zahanati ilifunguliwa mwaka uliofuata. Bazilio na Evaristi hawakupata kupendana. Tanuri halikuwadai hilo. Walipokezana moto, na moto haukuzimika.

Mke wa Evaristi alijifungua salama katika zahanati hiyo. Leonidasi alikuwa nje aliposikia mtoto akilia ndani. Aliweka kiganja juu ya tofali la ukutani, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akashuka bondeni kuwauliza watu wake, mmoja mmoja, habari za kuni.