Tangi Lisiloguswa

Daktari wa mifugo alikutwa asubuhi ndani ya pikapu yake, chini ya korongo, shingo imevunjika na mguu wa kushoto bado uko juu ya klachi. Ufunguo ulikuwa umezungushwa hadi mwisho.

Inspekta aliliteremka korongo kwa makalio, maana miaka hamsini na mbili haimteremshi mtu kwa heshima. Alichungulia dirishani.

"Piga picha mguu huo," alimwambia koplo wake, dada mmoja mwepesi wa kalamu na mwepesi zaidi wa kuhukumu.

"Mguu, afande?"

"Mguu na ufunguo. Huyu amekufa akijaribu kuwasha gari."

Juu barabarani alama za matairi zilijieleza zenyewe. Pikapu ilikuwa ikipanda kilima, nyuma imebeba mapipa mawili ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ikazimika. Ikaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kisha si polepole tena. Injini ya gari la namna ile ikizima, breki unaikanyaga mara mbili tatu, halafu inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unagoma. Daktari alipambana peke yake hadi ukingoni. Hakuna aliyemsikia hata kama alipiga kelele.

Mji mzima uliujua ugonjwa wa gari lile. Lilikuwa linazimika linapojisikia, kisha baada ya robo saa linawaka kama halikuwa limefanya jambo. Watu walimtania: daktari, wewe unatibu ng'ombe za watu, mbona gari lako lina kifafa?

Kufika saa nane mchana koplo alikuwa keshampata mtuhumiwa. Mdogo wa marehemu alionekana na jirani jioni ya jana yake, kichwa ndani ya boneti, spana mkononi. Na ndugu hao wawili walikuwa wakizozana mwaka wa pili huo juu ya mpaka wa shamba la baba yao.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye gari la kaka yako?" Inspekta aliuliza.

"Nabadilisha filta ya dizeli."

"Nani kakutuma?"

"Yeye mwenyewe. Amechoka kuzimikiwa njiani."

"Mnagombania shamba, halafu unamtengenezea gari?"

"Tunagombania mpaka, afande. Mpaka haupiti kwenye gari."

Koplo alicheka puani. Walipotoka nje alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," Inspekta alimjibu. "Tusikimbilie."

Lakini mkuu wa kituo alikuwa na haraka. Aliagiza aitwe fundi wa marehemu atoe maoni ya kitaalamu. Akaja mzee mmoja mkimya, miaka thelathini kwenye magari ya dizeli, ovaroli yake imepigwa pasi. Hakumtazama mtu usoni.

"Ukibadilisha filta, hewa ikabaki ndani, gari linazimika," alisema kwa sauti ndogo. "Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema huenda."

Huenda hiyo ilimtosha mkuu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu mtuhumiwa angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kosa lisilo na dhamana. Mke wake alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la nje, amepakata shati safi la kuvaa mahakamani.

Sasa, mtu asiye na pa kwenda, Jumamosi kwake ni ndefu sana. Inspekta alikuwa na nyumba ya serikali yenye vyumba vitatu, akitumia kimoja. Mkewe alirudi kwao, mwaka wa tatu huu. Alikuwa na dada yake mji wa pili, ambaye kila mwezi alijiambia atampigia simu, na kila mwezi ukaisha. Asubuhi hiyo alifua mashati mawili, akayaanika, akaona hata saa tatu haijafika. Akavaa, akaenda zake kituoni, uani, kulikovutiwa ile pikapu.

Kabla hajahamishiwa upelelezi alifanya kazi miaka minane kwenye karakana ya polisi. Injini alizijua kabla hajawajua wahalifu. Na injini, alipenda kusema, haina wakili.

Nyuma pikapu ilikuwa imebonyea, mbele nzima. Aliunga mrija unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, akawasha. Ikanguruma mara ya kwanza tu. Dizeli ikapita kwenye mrija safi kabisa, bila povu, bila tone la hewa. Filta aliikagua akaiona imefungwa kwa uangalifu wa mtu anayempenda mwenye gari. Umeme wa kwenye pampu ulikuwepo. Basi akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akangoja.

Dakika arobaini. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikafa.

Ndani ya mrija dizeli ilisimama tuli. Alingoja robo saa, akawasha. Ikawaka bila kinyongo. Ilizimika tena kabla ya adhuhuri, vilevile.

Koplo alimkuta pale, mikono imejaa mafuta. "Afande, leo si siku yako ya mapumziko?"

"Ndiyo. Napumzika. Tazama huo mrija, unaona hewa?"

"Sioni."

"Kwa hiyo?"

Koplo alifikiri. "Kwa hiyo filta siyo."

"Gari hili halikujaa hewa, lilishikwa na njaa. Kuna kitu huko nyuma kinaziba mrija, injini ikizima kinaachia. Niletee vitu vya marehemu."

Kati ya vitu hivyo kulikuwa na daftari. Daktari aliandika humo ng'ombe wake wote, homa zao, dozi zao, na katikati aliipa pikapu ukurasa wake kama mgonjwa mwingine yeyote. Ndani ya miezi minane alikuwa ameipeleka gereji mara kumi na nne. Fundi kasafisha filta. Fundi kabadilisha mipira. Fundi kakaza pampu. Na kila mara mwishoni: tumeongea, nimeondoka jioni.

Inspekta alisoma mara mbili, akampa koplo. "Nitafutie humo neno tangi."

Koplo alipitisha kidole mstari kwa mstari. "Halimo."

"Gari la dizeli linazimika, hata mwanagenzi wa wiki mbili atakwambia tuteremshe tangi tuone kuna uchafu gani. Huyu ana miaka thelathini kazini. Mara kumi na nne amegusa kila kitu, tangi hajaligusa."

"Labda amesahau."

"Mara moja unasahau. Mara kumi na nne unakwepa."

Jumapili asubuhi waliliteremsha tangi. Kichujio cha kwenye mdomo wa mrija wa kunyonyea kilikuwa kimeng'olewa. Walipoimimina dizeli kwenye beseni kupitia kitambaa, kikabaki kipande kimoja cha plastiki ya buluu, duara, ukubwa wa kisoda, kimekatwa kwa mkasi. Kikivutwa na mrija, kinauziba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, kinadondoka chini. Inspekta alikitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika tarehe. Hakufurahi, na hakujua kwa nini.

Gereji ya yule mzee ilikuwa mwisho wa mtaa, pembeni ya kiwanja kisichojengwa. Hakukuwa na gari hata moja. Chini ya bati kulikuwa na viti viwili vilivyong'olewa kwenye magari mabovu, vimeelekezana. Kimoja kilikuwa kimechakaa kwa kukaliwa. Cha pili kilifunikwa kwa kitambaa kilichofuliwa. Mzee alisimama katikati, hakumkaribisha mtu.

Kwenye kona, juu ya ndoo ya grisi, kulikuwa na mfuniko wa buluu wenye tundu la duara. Inspekta alikitoa kile kipande, akakishika kwa koleo juu ya tundu. Kikaenea.

"Fundi," alisema, "nani mwingine anashika mkasi hapa?"

"Hakuna mwingine. Hapa niko mimi tu."

"Marehemu alikukosea nini?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Anikosee? Yule ndiye mtu pekee niliyekuwa naongea naye."

Koplo aliacha kuandika.

"Kaa, mzee," Inspekta alisema. "Tueleze."

Hakukaa kwenye kile kiti cha kitambaa. Alikaa kwenye chake.

"Mke wangu alipofariki, watoto walikaa wiki, wakaondoka. Nawaelewa, wana maisha yao. Daktari alikuja siku moja kutengeneza breki, akakaa. Akanisimulia habari za ng'ombe, nikacheka. Nilikuwa sijacheka mwaka mzima. Akaja tena kwa klachi. Halafu gari likapona." Alijifuta mikono ingawa ilikuwa safi. "Gari likiwa zima alikuwa anapita hapo barabarani, anapiga honi, anapungia mkono, anakwenda. Mwezi mzima, honi tu."

"Ukaliharibu."

"Kidogo. Nilisema lizimike kidogo tu, huku tambarare, aje."

"Na ulipoona amekufa?"

"Niliogopa."

"Ukasema huenda ni filta. Ukijua kuna mtu yuko ndani, mkewe amekaa nje na shati."

"Nilijua," mzee alisema. Akainamisha kichwa. "Hilo la pili ndilo baya kuliko la kwanza. La kwanza sikulikusudia."

"Kilima je, hukukifikiria?"

"Hakuwa anapita kule. Ng'ombe wake wengi wako upande wa bondeni. Sikujua ameitwa kule."

Inspekta aliuliza swali ambalo halikuwa la kipolisi. "Kwa nini hukumwambia tu aje akae?"

"Mtu mzima amwambie mtu mzima mwenziwe, njoo ukae na mimi, niko peke yangu?" Mzee alitikisa kichwa. "Wewe ungeweza, Inspekta?"

Inspekta alitazama pembeni. Alimwambia koplo aandike maelezo yote, amsomee mzee, atie sahihi.

Alasiri hiyo mdogo wa marehemu alitolewa mahabusu. Alikuwa anavaa mkanda wake kaunta alipomwona mzee ameketishwa kwenye benchi la ndani, na koplo akamweleza kwa maneno machache. Kosa la mzee lingekuwa kuua bila kukusudia, na lingine la kumpotosha polisi. Mkewe alimshika mkono, akidhani atampiga mzee. Hakumpiga. Alimwendea, akasimama mbele yake.

"Mimi nilimwambia kaka abadilishe fundi," alisema. "Nikamwambia huyu mzee wako hajui kitu, gari litakuua. Unajua alinijibu nini?"

Mzee hakuinua uso.

"Alisema, natafuta tu filta nzuri likae sawa, nisichoke njiani. Lakini kwa mzee nitaendelea kwenda. Nitakwenda hata likipona, maana ninyi nyumbani hamnisikilizi."

"Hata likipona?" mzee aliuliza.

"Hata likipona. Kale kamwezi ka kupiga honi tu hakuja kwako kwa sababu kulikuwa na ugonjwa wa kwato, alikuwa analala kwenye mazizi. Alisema ukiisha tu, anakuja."

Yule bwana alimchukua mkewe wakaondoka. Mzee alibaki amekaa, mikono kwenye magoti, akilia bila sauti, machozi yakidondokea ovaroli. Koplo aliuliza kama amwingize ndani.

"Mwache kidogo," Inspekta alisema.

Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alivuta kiti mpaka pale kwenye benchi, akakaa karibu na mzee.

"Hebu nisimulie," alisema. "Hizo habari za ng'ombe."