Alama ya Vema

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kudeki, mimi na mama tulisoma sheria. Usicheke. Mama ni meja, mwanasheria wa jeshi, na kamati yao ilikuwa ikiunganisha sheria tatu za mahakama za kijeshi, ya nchi kavu, ya majini na ya anga, ziwe moja. Mimi nilisoma rasimu kwa sauti, yeye akifuata kwenye nakala safi kwa rula. Ukurasa uliolingana uliwekwa alama ya vema. Nyumbani naitwa Chiriku kwa kuongea kwangu, hivyo kazi ile ilinifaa.

Jumamosi ya mwisho mama alipigiwa simu, akatoka nje. "Malizia ukurasa wa arobaini na moja, mwanangu. Mstari kwa mstari."

Wenzangu walikuwa wananisubiri uwanjani. Nikaweka vema bila kusoma hata neno moja, nikatimua mbio.

Mchana alikuja mjomba, kaka yake mama, aliyewahi kuwa mwanamaji, tukakaa kula.

"Mimi na rafiki yangu wa nchi kavu tulichelewa kurudi kutoka likizo siku ileile," alisema. "Yeye alikata rufaa, akarudi kazini. Sisi wa majini hatukuwa na rufaa. Nikafukuzwa. Leo dada yangu anaifuta tofauti hiyo. Najivunia, acha tu."

Niliacha tonge sahanini. Nikaenda kuufungua ukurasa wangu. Rasimu ilitoa rufaa kwa askari wote. Kwenye nakala safi, mstari wa wanamaji haukuwepo, na dereva wa kiwanda cha uchapaji alikuwa njiani kuja kuichukua. Nilitamani kumsingizia mpiga chapa aliyeiandaa nakala hiyo.

"Mama," nikasema, "vema ile niliiweka bila kusoma."

Mjomba aliacha kutafuna. Mama aliivuta nakala safi karibu.

"Umekosea, tena sana," alisema. "Lete kalamu. Utauandika mstari huo mwenyewe."

Nikauandika, mama akiufuata kwa rula.

Siku bunge lilipoipitisha sheria, mjomba alivaa koti lake la zamani la jeshi, akaniomba nimsomee ukurasa wa arobaini na moja. Nilisoma polepole, neno kwa neno. Nilipomaliza, alisimama wima akanipigia saluti.

Mama alinishika bega. "Alama yako ni ahadi yako, Chiriku. Usiiweke mahali ambapo hujasoma. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijawa mzigo wa mwingine. Siku ile ulisema. Ninajivunia wewe kuliko sheria yenyewe."